Ubavu wa Wakesho

Voi,
Jumatano, baada ya chai ya saa nne

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa aibu kidogo. Hujambo wewe? Goti lako je, na kile kikohozi cha Baba ulichosema kimekataa kuisha? Mahindi mmemaliza kupalilia? Huku ni jua na vumbi jekundu tu, lakini mimi niko hai na ninakula, ingawa chakula chenyewe nakinywa.

Najua umeshangaa kupata barua. Naandika kwa sababu siwezi kuongea. Daktari amefunga taya langu la juu na la chini pamoja kwa nyaya ndogo, na zitakaa hivyo wiki sita. Ulipopiga simu Jumapili na nesi akapokea, hakuwa anakuficha kitu. Alikuwa amesimama kando ya kitanda changu. Ulipomwambia, "Basi weka hiyo simu mdomoni mwake nisikie akipumua," aliiweka, nami nikapumua kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nilikusikia ukisema, "Huyo ni yeye." Kisha ukaanza kulia na simu ikakatika.

Ningekutumia meseji, lakini haya hayaenei kwenye meseji, na simu yako inasomwa na kila mtu hapo nyumbani. Naandika kwa Kiswahili kwa vile ndicho nilichofundishwa kuandika. Kibukusu chetu nakijua kwa mdomo tu, na mdomo ndio huo umefungwa.

Mama, Krismasi ulinikuta nyuma ya jikoni nikiosha nywele, ukaona mikono yangu ilivyokuwa na alama za zambarau kutoka kwenye viwiko hadi mabegani. Uliniuliza, "Nafula, ukipigwa hivi huwa husikii uchungu?" Nikakujibu, "Sisikii, Mama." Ulinimwagia maji kichwani. Nilijua hukuniamini. Leo nataka kukujibu vizuri, hata kama jibu lenyewe litakufanya unione mtu mwingine.

Yule msichana uliyemwona nikipigana naye kwenye video aliyokuonyesha jirani yetu Mama Chebet, yule mrefu mwenye mwanya, si adui yangu. Ni Wakesho. Ndiye niliyekuwa nakutajia kila mara kwamba tunakaa naye chumba kimoja hapa Voi. Kwao ni Wundanyi, kule juu milimani. Yeye anauza katika duka la vifaa vya ujenzi, mimi nakata mkonge. Tulikutana kwenye mazoezi ya Mzee Athumani, mzee mstaafu wa reli anayefundisha ndondi kwenye ghala la zamani karibu na stesheni. Ni miaka miwili sasa tunapika sufuria moja. Nilipougua malaria mwaka jana, Wakesho alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Naye ana mgongo mwembamba, Mama, nilihisi mifupa yake yote.

Wiki tatu kabla ya pambano, Wakesho alikwenda Kishushe kumwona kaka yake anayechunga ng'ombe kwenye ranchi. Wakati wa kurudi, bodaboda iliteleza kwenye kokoto na akaangukia jiwe. Aliingia ndani ameshika ubavu wa kushoto, akaketi kitandani polepole, na jambo la kwanza alilosema ni, "Usimwambie Mzee. Atanitoa kwenye orodha."

"Inabidi uende hospitali."

"Apa kwanza."

Nikaapa. Nikachemsha maji, nikamkanda kwa taulo asubuhi na jioni kwa muda wa siku kumi. Kwa hiyo nilipajua mahali penyewe. Palikuwa chini ya ziwa, upana wa vidole viwili, mfupa wa tatu kutoka chini. Nikipagusa hata kwa taulo laini, pumzi yake ilikatika katikati. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua hilo isipokuwa sisi wawili.

Kulikuwa na nafasi moja ya uzito wetu ya kwenda kupigana Nairobi na timu ya kaunti. Tulikuwa tushindane watatu, lakini msichana wa Taveta hakuja kupimwa uzito. Alhamisi jioni Mzee Athumani akatuita kando, akatuambia kwa kile Kiswahili chake cha pwani, "Wanangu, Jumamosi ni nyinyi kwa nyinyi. Mimi sitasimama kona ya yeyote. Sina moyo huo. Nitaketi na watu."

Usiku huo tulikula ugali. Wakesho alipokuwa akiosha sahani aliniambia, "Jumamosi kwa dakika tisa mimi si rafiki yako."

"Na ubavu?"

"Umepona."

Haukuwa umepona. Asubuhi nilikuwa nikimwona akiinuka kitandani kwa upande, ameshikilia ukuta. Sitakudanganya kwamba sikulifikiria jambo hilo, Mama. Nililifikiria nikiwa shambani Ijumaa yote. Kila jani la mkonge nililokata nililifikiria.

Ukumbi ulijaa. Daktari alitupima presha, akatumulika macho kwa tochi, akauliza kama kuna anayeumwa. Wote wawili tukasema hapana.

Sasa nikueleze ilivyo. Ngumi ya kwanza ya Wakesho ilinipata puani. Pua ikipigwa haiumi kwanza, inajaa maji ya moto, macho yanatoka machozi hata kama huna huzuni yoyote, na ulimi unapata ladha ya sarafu. Ya pili ilinipata kwenye paji, juu ya kofia ya kinga. Ngumi za kichwa zinapiga kelele kuliko zinavyouma. Unasikia kishindo ndani ya fuvu, kama mtu ameangusha debe kwenye sakafu ya simenti, halafu miguu inachelewa kukutii. Unachosikia ni kelele, joto na hasira. Uchungu unauona pale kando, umesimama unakungoja, lakini hauna nafasi ya kuingia.

Unakumbuka siku mafuta ya mandazi yalipokumwagikia mguuni, sokoni? Watu walikuwa wamepanga foleni. Uliendelea kutoa mandazi na kurudisha chenji mpaka sufuria ikaisha, ndipo ukatazama chini ukaona ngozi. Ulituambia hukusikia kitu mpaka ulipoketi. Basi ulingoni ni hivyo. Mtu hasikii mpaka aketi.

Lakini hiyo ni ya kichwa na ya pua. Ngumi ya mwili ni kitu kingine. Ngumi ya mwili haibishiwi. Inaingia, unapata muda mfupi wa kudhani imepita salama, kisha tumbo lote linajikunja na hewa inakataa kuingia. Hapo huna ujasiri wala woga, una kiu ya hewa tu. Nimewahi kuona wanaume wenye misuli wakipiga magoti kwa ngumi moja ya namna hiyo, wanatazama sakafu kama wanaotafuta sindano.

Raundi ya kwanza Wakesho alinipiga vibaya. Ana mikono mirefu. Kila nilipojaribu kumfikia nilikuta glavu yake usoni mwangu. Mdomo wa juu ulipasuka kwa ndani. Damu nilikuwa nikiimeza, maana ukiitema majaji wanaiona. Nilipoketi kwenye kiti cha kona, Mwakio, anayemsaidia Mzee kufundisha, alinimwagia maji shingoni akaniambia, "Kichwa chake hukifikii. Nenda chini. Mpige mwilini."

Mwakio hakujua chochote. Aliongea kama kocha yeyote angeongea. Lakini mimi nilisikia kama nimepewa ruhusa.

Raundi ya pili niliinama chini ya mkono wake wa kushoto, nikapiga kwa mkono wa kulia mahali pale pale nilipokuwa nikikanda kwa taulo. Sikulenga karibu na hapo. Nililenga hapo.

Alitoa sauti ndogo, "hh," ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi. Naijua sauti ile kutoka chumbani kwetu. Halafu akanitazama. Mama, mtu aliyeumizwa ulingoni huwa anatazama mbali, au anatazama glavu zako zisimrudie. Wakesho alinitazama machoni. Alijua kwamba nilijua.

Nikapiga tena. Mfupa ulilegea chini ya glavu. Watu walikuwa wakishangilia, mtu mmoja mbele akipiga kelele, "Hapo hapo, dada! Hapo hapo!"

Mara ya tatu nilipoinama, mkono wangu wa kulia uliacha uso. Ngumi yake ya kushoto ikaja ikizunguka. Ili aitupe ngumi ile ilimbidi aufungue ubavu wake wote, na auvute kwa nguvu kwa misuli iliyoshika mfupa uliovunjika. Mpaka leo sijui aliiwezaje. Ilinipata chini ya sikio la kulia.

Nilisikia "kwa," kama ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Hakikuja kitu kingine. Hakukuwa na uchungu. Nilijaribu kuuma kinga ya meno, meno ya chini yakawa hayapo mahali pake. Yalikuwa yamesogea upande, kama droo iliyoingizwa vibaya. Nikawaza kwa utulivu kabisa, "Taya limevunjika," kama ninavyoweza kuwaza, "Mvua imeanza." Kisha nikaendelea kurusha ngumi.

Kengele ilipolia, Mwakio alitaka kunitoa kinga ya meno aninyweshe maji. Nikageuza uso. "Uko sawa?" Nikainamisha kichwa kwamba ndiyo. Nilijua nikifungua mdomo ataona, na akiona atarusha taulo kulisimamisha pambano. Na kwenye kiti kile, Mama, kwa kuwa nilikuwa nimeketi, ndipo uchungu ulipopata mlango. Ulianza nyuma ya sikio, ukashuka kwenye koo, ukapanda kwenye jicho. Nilihisi kila jino peke yake. Nilitamani mtu yeyote azime taa za ukumbi ili pambano liishe bila mtu kulaumiwa.

Ng'ambo ya ulingo nilimwona Wakesho. Alikuwa amekataa kuketi. Alikuwa amesimama ameshikilia kamba kwa mkono mmoja, mdomo wazi, anapumua juu juu. Nikajua na yeye anaogopa kiti.

Raundi ya tatu aligusa taya langu mara mbili. Kila mara ukumbi uligeuka mweupe na nikapotea, kisha nikajikuta nimesimama bado. Mzee Athumani huwa anatwambia, "Mwanamasumbwi hashindi maumivu, huyaahirisha." Mimi nilikuwa nimeahirisha mpaka basi. Mkojo ulinitoka kidogo, hilo sijamwambia mtu.

Na hapa ndipo nilipo na haya kukuandikia. Niligundua kwamba kila nilipomuumiza, uchungu wangu ulipungua. Si kwamba niliusahau. Ulipungua kweli, kama vile nimeuhamisha kutoka kwangu nikauweka kwake. Nilipompiga ubavuni taya liliacha kulia. Nilipomkosa lilirudi. Kwa hiyo nikaendelea kumpiga. Sikumpiga kwa ajili ya kwenda Nairobi, Nairobi nilikuwa nimeisahau. Nilimpiga ili nipate nafuu. Nadhani kuna watu wengi duniani wanaopiga wenzao kwa sababu hiyo hiyo, na hawajawahi kupanda ulingoni.

Ya mwisho niliipiga kwa uzito wangu wote, kutoka kisigino. Mkono uliingia ndani kuliko mkono unavyostahili kuingia. Wakesho alikunja mwili, akapiga goti moja, halafu mawili. Akakohoa. Kwenye turubai pakawa na matone mekundu yenye povu. Refa alihesabu mpaka nane, akamtazama, akapunga mikono hewani. Akanishika mkono akauinua. Video ya Mama Chebet inaishia hapo.

Kilichofuata hakuna aliyekirekodi. Walitulaza kwenye gari moja la wagonjwa, yeye upande huu, mimi upande ule. Barabara ya kutoka ukumbini ni fupi lakini ina matuta, na kila tuta lilinifikia mpaka kwenye utosi. Yote niliyoyaahirisha yalikuja pamoja: mdomo, pua, vidole, mbavu zangu mwenyewe, taya. Nililia kwa pua maana mdomo haukufunguka. Wakesho hakulia kwa sababu hakuwa na hewa ya kulia. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, anahesabu kwa sauti ndogo, "Moja. Moja. Moja." Hakufika mbili.

Mfupa ulikuwa umetoboa pafu. Walimpasua kidogo upande wa ubavu, wakaingiza mpira unaoteremka hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Akikohoa maji yanatoa mapovu. Vitanda vyetu viko jirani. Tangu Jumamosi nimekuwa nikisikiliza mapovu yale.

Jumapili mchana mama yake alifika kutoka Wundanyi na chupa ya chai iliyojaa uji. Ni mwanamke mfupi, mkulima wa kabichi na viazi kwenye ile miteremko yao, viganja vigumu kuliko vyangu. Alimwinua binti yake, akamnywesha vijiko vichache. Halafu akageuka kwangu. Alikuwa amesikia kwamba mimi siwezi kutafuna, akaja na mrija. Akaukunja, akautafutia nafasi kati ya meno yangu na shavu, akanishikia kikombe.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mchezo ni mchezo. Mungu amewaacha hai nyote wawili, mimi sina neno."

Nikanywa. Ungekuwa wewe ungenywa? Nilikuwa na njaa. Alifanya hivyo tena jioni, na Jumatatu asubuhi, akinifuta kidevu kwa pindo la leso yake. Wakesho alikuwa analala amegeukia ukutani.

Jumatatu alikuja Mzee Athumani, amevaa kanzu na kofia, akiwa na machungwa ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyala. Alisimama katikati ya vitanda viwili.

"Daktari amenambia mfupa huo ulikuwa na ufa wa kabla," akasema taratibu. "Wiki mbili tatu nyuma. Nani alikuwa na habari?"

Wakesho akasema, "Hakuna, Mzee. Hata mimi sikujua."

"Na wewe, Nafula?"

Nikatikisa kichwa. Ni rahisi sana kusema uongo ukiwa umefungwa mdomo. Mzee akaweka machungwa dirishani, akaenda zake.

Baada ya hapo uji haukupita tena. Mama Wakesho alipokuja jioni nilifunga macho nikajifanya nimelala. Nilimsikia akimwambia nesi, "Huyu mtoto anadhoofika, mwandikieni dawa ya kumpa hamu." Alivua leso akanifunika nayo miguu.

Jana asubuhi niliomba kalamu kwa ishara. Nesi akanipa karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Nikaandika upande wa pili: "Nilijua ubavu wako. Nilipiga pale kwa kusudi. Kila ngumi." Nikanyoosha mkono nikaiweka kitandani kwa Wakesho.

Aliisoma. Maji kwenye chupa yalitoa mapovu mara mbili.

"Sasa unaniambia kitu ninachokijua," akasema. Alikuwa akiongea kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nilijua kwenye ngumi ya kwanza. Na mimi ningekupiga. Ungekuwa na jicho bovu ningelitafuta hilo jicho. Lakini Nafula, ungeniambia Alhamisi. Nilipokuwa naosha sahani. Ungesema tu, 'Wakesho, Jumamosi nitakupiga hapo.' Mimi nilikwambia si rafiki yako kwa dakika tisa. Wewe hukuniambia kitu."

Nilianza kuandika tena. Akanizuia kwa mkono.

"Usiniandikie mimi. Hiyo karatasi mpe Mama. Siku mbili amekulisha na hajui anamlisha nani. Mimi siwezi kumwambia. Na Mzee naye aione."

Mzee alikuja kwanza, saa tano hivi. Aliisoma karatasi akiwa ameishika mbali na macho kama wazee wanavyosoma. Nilitarajia anikemee. Akaikunja akanirudishia.

"Ulingoni kila mtu hupiga palipo wazi," akasema. "Kwa ngumi sikulaumu, mwanangu, ingawa ni ngumi ya mtu asiye na haya. Nakulaumu kwa kutikisa kichwa nilipokuuliza. Nafasi ya Nairobi nimempa yule wa Taveta. Mkipona wote wawili mtarudi, mtaanza na kuruka kamba kama wanafunzi wapya."

Kisha saa saba alikuja Mama Wakesho na uji. Kabla hajamimina nikampa karatasi. Alisoma midomo ikitembea. Alipomaliza alirudi juu akaanza upya. Wakesho alikuwa macho, lakini alifumba macho yake.

"Ulimkanda wewe mwenyewe?" akaniuliza. "Kwa mikono hii?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Kisha siku ya mchezo ukakumbuka mahali."

Nikakubali.

Hakupiga kelele. Alimnywesha Wakesho, akasuuza kikombe, akachukua chupa yake ya uji akaondoka bila kunitazama. Mchana huo wote nililala nikitazama dari. Taya lilikuwa likidunda, na sikuwa na mtu wa kumhamishia.

Jioni kabla ya taa kuwashwa, alirudi. Alimaliza na binti yake. Halafu akavuta kiti mpaka kwangu, akaketi, kikombe mapajani, mrija mkononi, na akakaa hivyo mpaka utandu ukafanyika juu ya uji.

"Nimetembea mpaka stesheni na kurudi," akasema. "Nimejaribu kukuchukia. Nimeweza kidogo. Lakini hapa wodini kila mgonjwa ana mtu wake isipokuwa wewe. Kwa hiyo sikia. Mimi simlishi aliyempiga binti yangu. Namlishia mama mwenzangu aliye mbali mtoto wake. Fungua."

Akautafutia mrija nafasi kati ya meno na shavu. Nilikunywa uji ule pamoja na machozi, Mama, na ulikuwa umepoa, na ulipita.

Alipomaliza alinifuta kidevu, si kwa upole wa mwanzo, akaniuliza, "Mama yako anajua ulichofanya?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mwandikie. Asije akasikia kwa watu kwamba una taya bovu akakuhurumia bure. Akikuhurumia, akuhurumie akijua." Na leo asubuhi amenitupia daftari hili alilonunua kwenye duka la nje ya geti.

Basi nimekuandikia. Nikipigwa nasikia uchungu, nausikia wote, ila unakuja baadaye. Nikipiga nasikia pia, na huo ndio unaokawia zaidi, na sijui kama huisha. Sijaamua kama nitapanda tena ulingoni. Ukiniuliza leo nitakwambia hapana, lakini wewe ndiye uliyenizaa, utajua jibu langu kabla yangu.

Leo asubuhi wamemtoa Wakesho ule mpira. Daktari alimwambia avute pumzi aishike, kisha akauvuta wote kwa mara moja, na Wakesho akapiga ukelele uliofanya wagonjwa wa ng'ambo wainue vichwa. Mkono wake ulitoka chini ya shuka ukatafuta kitu cha kushika. Ulioukuta ni wangu. Baadaye aliuachia, akageuka ukutani. Hatujaongea tena. Lakini amelala upande ule wa kushoto kwa muda kidogo, akijaribu kama unaweza.

Nisalimie Baba, hata kama ninajua atasema alinionya. Nisalimie kaka Wekesa na mkewe, na yule mtoto wao mchanga ambaye sijambeba. Nisalimie shangazi anayeuza omena sokoni, umwambie asiombe kanisani kwa jina langu kwa sauti kubwa. Mama Chebet jirani naye nisalimie. Mwambie afute ile video.

Mama Wakesho anakusalimu sana. Nimemwandikia namba yako kwenye kiganja. Anasema ukitaka kupiga, piga saa saba wakati wa kuona wagonjwa. Atapokea yeye mwenyewe, akwambie nimekunywa vikombe vingapi, kisha aniwekee simu sikioni uniseme unavyotaka. Mimi siwezi kukukatiza.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Nafula